Mchagua Spana Ndiye Fundi

Wahenga wametuachia methali isemayo mchagua jembe si mkulima. Tumeikariri tangu darasa la tatu, na maana yake tunaijua: mvivu hupoteza asubuhi nzima akisema jembe hili zito, lile butu, mpini ule mfupi, mpaka jua linakuwa kali na shamba halijaguswa. Sawa, kwa mvivu methali hiyo ni fimbo nzuri. Lakini ndugu msomaji, ukiitazama historia ya chuma katika nchi yetu utaona upande wa pili. Watu waliolijua jembe barabara walilichagua, tena walichagua kwa macho makali. Tabu ilianza pale tulipopokea vyuma tusivyovichagua, vyenye vipimo tusivyoulizwa.

Shahidi wangu leo ni kifaa kidogo mno, kinachoweza kupotea katika mfuko wa suruali. Ni alenki. Kwa asiyeijua, ni kile kipande cha chuma chenye pembe sita kilichokunjwa kama herufi L, ambacho mafundi wengine hukiita spana ya L. Huingia ndani ya tundu la bolti, tofauti na spana ya kawaida inayokikumbatia kichwa cha bolti kwa nje. Utaikuta kwa fundi baiskeli, kwa fundi pikipiki, kwa fundi cherehani na kwa fundi wa mashine za kusaga. Huku kwetu Gehandu, katika nchi hii ya Mbulu na Hanang, kijana anayefungua kijiwe cha ufundi chini ya mti anaweza kuanza bila kibanda. Bila spana hawezi kuanza.

Kabla ya alenki kufika, chuma kilikuwa na wenyewe. Miongoni mwa Wadatoga, ambao Wabarabaig wa Hanang ni sehemu yao, uko ukoo wa wahunzi uitwao Gidang'odiga. Hao ndio wanaofua mikuki, visu, vichwa vya mishale na bangili. Malighafi yao siku hizi ni vyuma chakavu: misumari, makufuli ya kale ya shaba, vipande vya mashine. Kule upande wa Ziwa Eyasi, Wahadzabe wamekuwa wakichukua kwao vichwa vya mishale na kuwapa asali. Sasa fikiri kidogo. Mwindaji anayetoa asali yake, aliyoitafuta kwa kupanda mbuyu na kuumwa na nyuki, hawezi kupokea kichwa cha mshale kinachopinda kikigonga mfupa. Ataingia porini na kurudi njaa. Biashara ya namna hiyo haina risiti wala garantii, ina jicho la mnunuzi na jina la mhunzi tu.

Na si Wadatoga peke yao. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika juu ya Wahaya wa Kagera. Walieleza kwamba wahunzi wa huko, zaidi ya miaka elfu moja mia tano iliyopita, walikuwa na matanuri ambayo hewa yake ilipashwa moto ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kuingia kwenye mkaa. Joto likapanda sana, na chuma kilichotoka kilikuwa na kaboni ndani yake, yaani kilikaribia kile tunachokiita leo chuma cha pua. Katika karne ya 19 majembe yalisafiri katika njia za misafara ya Unyamwezi kama mali, na katika makabila mengi yaliingia hata kwenye mahari. Hebu niambie, baba wa binti angepokea jembe lolote tu? Mahari huchaguliwa, jamani.

Sasa tuvuke bahari, maana alenki haikuzaliwa kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya Ulaya na Marekani viliendeshwa kwa mihimili mirefu iliyozunguka juu ya vichwa vya wafanyakazi, ikigeuza magurudumu na mikanda. Magurudumu yale yalibanwa kwenye mihimili kwa skrubu ambazo vichwa vyake vya mraba vilichomoza nje. Mhimili ukizunguka, kichwa kile kilidaka shati au mkono wa mfanyakazi, na mtu akavutwa kwenye mashine. Watu waliumia, na wengine walikufa. Dawa ikawa ni kutengeneza skrubu isiyo na kichwa cha nje, ila yenye tundu la pembe sita ndani yake. Mwaka 1910 kampuni ya William G. Allen, katika mji wa Hartford, Marekani, ilianza kuuza skrubu hizo za usalama, na jina la Allen likabaki kwenye ulimi wa mafundi mpaka leo. Wajerumani huiita Inbus, jina lililotokana na kampuni ya Bauer & Schaurte iliyoisajili katika miaka ya 1930. Waitaliano husema brugola, kwa jina la mwenye kiwanda wao, Egidio Brugola.

Kwa hiyo alenki ilizaliwa ili kuokoa mikono ya vibarua. Hilo ni jambo la heshima. Lakini ina sharti lake, na sharti hilo ndilo kiini cha makala hii. Bolti ya kawaida yenye kichwa cha nje ikilika kona, utaishika kwa koleo, utaipiga kwa patasi, utaichonga kwa tupa, mwishowe itatoka. Bolti yenye tundu ikilika kona kwa ndani, huna pa kuishika. Tundu linakuwa mviringo, alenki inazunguka bure kama kijiko kwenye chai. Hapo imebaki kutoboa kwa drili au kupeleka kwa mchomeleaji. Spana mbovu ya bei chee imekula bolti, na bolti imefunga mashine nzima.

Turudi nyumbani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 mbuga za Basotu zililimwa ngano. Shirika la serikali la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa saba, kila moja likiwa na takriban ekari 10,000 za ngano: Basotu, Setchet, Mulbadaw na mengineyo. Msaada wa Kanada uliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wabarabaig waliokuwa wakichunga katika mbuga hizo waliondolewa, wakapoteza malisho na hata makaburi ya wazee wao. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Arusha. Kilishinda pale, lakini baadaye Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Habari hiyo ni ndefu na chungu, na inahitaji riwaya yake. Hapa nataka kuonyesha kitu kimoja tu kilichokuja pamoja na ngano ile: kipimo.

Tanzania ilihamia mita na kilo mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1960. Lakini mashine za kilimo za Marekani ya Kaskazini za wakati ule zilifungwa kwa bolti za inchi. Basi nchi ikawa na spana za milimita madukani na mashine za inchi mashambani. Tazama hesabu hii, si ngumu. Robo inchi ni milimita 6.35. Alenki ya milimita 6 huingia kwenye tundu lake bila shida, na hapo ndipo penye mtego, maana inabaki nafasi ya milimita 0.35. Macho hayaioni nafasi hiyo, lakini ukikaza kwa nguvu, kona sita za chuma hazigusani tena ubapa kwa ubapa. Zinagusana kwa ncha tu. Ncha zinasagika, tundu limekwisha. Nyingine zinakubaliana: inchi 5/16 ni milimita 7.94, karibu sawa na 8, na inchi 5/32 ni 3.97, karibu sawa na 4. Lakini inchi 3/16 ni 4.76, na ukiitia kwenye tundu la milimita 5 itacheza. Kijana mfundishwa wa gereji asiyeambiwa habari hii atalaumiwa kuwa ana mkono mzito, kumbe anatumikia vipimo vya nchi mbili asizopata kuzitembelea.

Serikali nayo ilijaribu kutuondoa katika utegemezi. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilijengwa kwa msaada wa China. Mang'ula kule Kilombero, karakana iliyotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA iligeuzwa kiwanda cha mashine na vipuri. Moshi kikajengwa kiwanda cha kutengeneza mashine kwa msaada wa Bulgaria. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo. Ndoto ilikuwa nzuri. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi iliishiwa fedha za kigeni, na wanaozikumbuka enzi hizo wanajua sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse spana. Fundi mwenye seti nzuri ya Gedore ya Mjerumani aliificha kama hirizi. Haiazimwi, ng'o! Kisha kuanzia mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, bidhaa zikamiminika, na sisi tuliotoka kwenye njaa ya vitu tukala bila kuchagua.

Ndiyo maana leo mnadani utakuta seti ya alenki thelathini, zinang'aa kama kioo, kwa bei isiyotosha kununua moja iliyo imara. Shirika la Viwango, TBS, lipo tangu 1975, na Tume ya Ushindani inakamata bidhaa feki mara kwa mara. Lakini mkaguzi hawezi kukaa katika kila mkeka wa mnada. Mkaguzi ni wewe. Basi nitoe haya, kwa faida ya kijana anayeanza kazi.

Kwanza, usidanganywe na mng'aro. Kupakwa kromiamu ni nguo tu, na nyingi zilizo bora ni nyeusi. Tafuta jina la mtengenezaji na kipimo vilivyogongwa kwenye chuma chenyewe, si karatasi iliyobandikwa. Maneno "chrome vanadium" au "S2" hutaja aina ya chuma kigumu, lakini neno ni rahisi kuandika, kwa hiyo usiishie hapo. Pili, tazama ncha. Iwe imekatwa sawa, kona sita zikiwa kali na zinazofanana, bila mabaki ya chuma. Pitisha ukucha juu ya kona. Kama ni ya mviringo ikiwa bado mpya, itakuwaje mwakani? Tatu, angalia pale ilipokunjwa. Pasiwe na ufa wala mahali palipopungua unene. Nne, ukiweza, nenda dukani na bolti yako. Alenki iingie kwa kubana kidogo na isicheze. Muuzaji akikataa usijaribu, muage kwa heshima. Tano, usinunue thelathini. Nunua chache zilizo imara za saizi unazotumia: bolti ya M5 hutaka alenki ya milimita 4, M6 hutaka 5, M8 hutaka 6, na M10 hutaka 8. Kama unahudumia mashine za inchi, weka seti ya inchi peke yake, tena kwenye mfuko wake.

Na ukishainunua, itunze. Safisha tundu la bolti kwa msumari kabla ya kuingiza, maana tope huzuia alenki kufika chini. Usiunge bomba kwenye alenki ndogo ili kupata nguvu. Ncha ikilika baada ya miaka, isage kidogo kwenye jiwe mpaka upate kona mpya, ukiichovya majini kila mara ili isipate moto na kulainika. Alenki nzuri inasagwa mara nyingi. Ile mbovu itapinda kabla hujafika huko.

Vijana wenzangu, najua mtasema huyu badala ya kutuandikia mapenzi ametuletea spana. Lakini tazameni ni watu wangapi wamepita hapa: kibarua wa Hartford aliyevutwa na mhimili, mhunzi wa Gidang'odiga na mfuo wake, mchungaji wa Mulbadaw mahakamani Arusha, fundi wa miaka ya 1980 anayeficha seti yake. Wote wameguswa na swali moja, nani anachagua chuma na nani anakilipia kikivunjika. Aliyelipia mara nyingi hakuwa yule aliyechagua.

Kwa hiyo methali ibaki kwa wavivu, wanaistahili. Ila kijana mwenye elfu chache mfukoni, anayetaka kijiwe chake kidumu, asione haya kuinama juu ya mkeka na kupitisha ukucha kwenye kona sita za chuma, hata kama muuzaji anamnunia. Rahisi ni ghali, na bolti ikishalika ndani, hakuna methali ya kuitoa.