Kuagana darasa la nane: historia ya mahafali ya shule zetu

Kila Septemba, mtihani wa taifa wa darasa la saba unapokaribia au unapokwisha, shule za msingi za Tanzania hufunga maturubai, hukodi spika na kumwalika mgeni rasmi. Wahitimu huingia kwa mwendo wa madaha, darasa la sita huwaimbia, risala husomwa, na kabla pilau haijapakuliwa mwalimu mkuu huwa ameshataja upungufu wa madawati na matundu ya vyoo. Wazazi wengi huichukulia shughuli hii kuwa imekuwepo tangu shule ziwepo. Babu zao waliosoma miaka ya 1950 hawakuijua kwa sura hiyo. Wao waliagana darasa la nane, katika shule zilizoitwa shule za kati, na waliagana kabla hawajajua nani anakwenda wapi.

Shule hizo zilitokana na mpango wa elimu wa miaka kumi ambao serikali ya Tanganyika iliuanza mwaka 1947 na kuurekebisha miaka michache baadaye. Masomo yakagawanywa mafungu matatu ya miaka minne minne. Darasa la kwanza hadi la nne lilikuwa shule ya msingi, la tano hadi la nane shule ya kati, la tisa hadi la kumi na mbili sekondari. Kila fungu lilikuwa na mtihani mlangoni, na kila mtihani ulipunguza watu. Mtoto aliyevuka darasa la nne alikuwa ameshaacha nyuma sehemu kubwa ya wenzake wa kijijini. Shule za kati zilikuwa chache, nyingi zikiwa chini ya misheni au mamlaka za wenyeji, kwa hiyo wengi walilala bwenini, mbali na kwao. Kilimo kilipewa uzito mkubwa kwenye ratiba, maana watawala walitaka mhitimu asiyefika sekondari arudi shambani akiwa mkulima bora. Wazazi walikuwa na yao. Walimpeleka mtoto shule ili atoke shambani.

Mtihani wa darasa la nane ulifanywa mwishoni mwa mwaka, shule ikafungwa, vijana wakabeba masanduku yao ya bati wakaondoka. Matokeo yalikuja baadaye, yakawakuta majumbani. Aliyechaguliwa alikwenda Tabora, Malangali, Pugu au kwingineko. Mwingine alichukuliwa chuo cha ualimu, akasoma miaka miwili na kutoka mwalimu wa daraja C. Wengine walipata ukarani, upolisi, uuguzi, kazi ya reli au ya posta. Waliobaki walibaki. Katika mpangilio huo sherehe ingewekwa wapi? Siku ya kufunga shule hapakuwa na mhitimu ambaye mtu angeweza kumpongeza kwa uhakika, na siku matokeo yalipofika wanafunzi walikuwa wametawanyika wilaya nzima.

Kabla ya shule za kati mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Shaaban Robert alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na katika mtihani wa kumaliza alikuwa wa pili miongoni mwa wanafunzi 11 waliofaulu. Kundi zima la wahitimu lingeweza kuketi kwenye jamvi moja. Julius Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa kama miaka 12, akamaliza kwa miaka mitatu masomo yaliyopangiwa minne, na mwaka 1937 akaanza Tabora. Ukifikiria kwamba mtoto wa Butiama alihamia shule iliyoko mamia ya kilomita kusini, utaona kuagana kulibeba nini wakati huo. Likizo ilikuwa mara chache, barua zilichelewa, na mama wengi hawakujua kusoma.

Kenya nao walikuwa na muundo wa minne minne, uliotokana na ripoti ya Beecher ya mwaka 1949. Mtihani wa darasa la nane uliitwa kwa kifupi KAPE, na hakuna aliyeusimulia kwa kina kuliko Ngũgĩ wa Thiong'o katika kumbukumbu zake za utotoni. Aliufanya mwaka 1954, hali ya hatari ikiwa imetangazwa na vijiji vya Limuru vikiwa chini ya ulinzi. Kaka yake alikuwa msituni na Mau Mau, akatoka usiku kwa siri, akihatarisha maisha, kuja kumtakia heri ya mtihani. Ngũgĩ alifaulu na kuchaguliwa shule ya sekondari ya Alliance. Siku ya kuondoka, mwanzoni mwa 1955, alizuiwa kupanda behewa la abiria kwa kukosa kibali cha kusafiri, ikabidi afichwe kwenye treni ya mizigo ili afike shuleni. Sijui kama kuna kisa kingine katika fasihi yetu kinachoonyesha waziwazi hivyo mtoto mmoja alivyogharimu watu wengi kuvuka darasa la nane. Huyo hakuagwa kwa risala, aliagwa na ukoo mzima.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika haraka. Mwaka 1962 shule za Tanganyika ziliacha kutenganishwa kwa rangi, mtihani wa darasa la nne ukaanza kuondolewa hatua kwa hatua, na katikati ya miaka ya 1960 elimu ya msingi ikaelekezwa kuwa ya miaka saba. Shule za kati zikamezwa. Nyingine zikawa shule kamili za msingi, nyingine zikapandishwa kuwa sekondari au vyuo, na majengo ya baadhi yao bado yanatumika. Waliofanya mitihani ya mwisho ya darasa la nane leo wanakaribia miaka 80 au wameipita. Ningeomba kamati za shule zenye asili hiyo ziwatafute wazee hao sasa, zikae nao na kuandika, kwa sababu daftari za mahudhurio za wakati huo zimeliwa na mchwa mahali pengi na picha ni chache.

Kilichoipa shule ya msingi mahafali yake, kwa maoni yangu, ni waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967. Nyerere aliandika bila kuficha kwamba ni kama watoto 13 tu kati ya kila 100 wa shule za msingi ambao wangepata nafasi sekondari. Kwa sababu hiyo alitaka elimu ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, yenye faida kwa mtoto anayerudi kijijini, na isiwe tu maandalizi ya wachache wanaoendelea. Ukilikubali hilo, basi kumaliza darasa la saba ni kuhitimu kweli, na anayehitimu anastahili cheti, hotuba na watu wa kumpigia makofi. Sherehe iliwekwa kwa ajili ya wale 87. Wale 13 walikuwa na kwaheri nyingine mbele yao.

Ndiyo maana hotuba za mahafali za miaka ya 1970 na 1980 zilielekezwa kwa wanaorudi nyumbani. Wageni rasmi walizungumzia ardhi, vijiji vya ujamaa, ufundi na ulinzi wa taifa. Watoto walijibu kwa ngonjera, ushairi wa majibizano uliokuzwa na Mathias Mnyampala, malenga wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969. Kitabu chake, Ngonjera za UKUTA, kilitoka muda mfupi baada ya kifo chake na kuingia madarasani kwa nguvu. Ngonjera ilifaa sana kwa kuaga. Ilihitaji watoto wawili au wanne, haikuhitaji ala wala mavazi, na hata mtoto aliyeshika mkia darasani angeweza kusimama mbele ya wazazi wote akasikika. Nafasi hiyo ya kusikika mara moja, mbele ya kijiji kizima, ndiyo wengi waliyoondoka nayo.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, UPE kwa kifupi cha Kiingereza, na kufikia 1977 watoto walimiminika shuleni kupita uwezo wa walimu waliokuwepo. Serikali ikachukua maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya radio na mafunzo ya karibu na kwao. Hao ndio walimu wa UPE. Wengi wanawasema vibaya mpaka leo, na mimi sikubaliani nao. Kijana aliyeagwa kwa ngonjera alirudi kushika chaki, akafundisha wadogo zake kusoma, na bila yeye madarasa mengi yangekaa bila mwalimu. Miaka ya mwanzo ya 1980 nafasi za sekondari za serikali hazikutosha hata mmoja kati ya kila kumi waliomaliza, na mgawo ulizingatia mkoa na jinsia, kwa hiyo kwaheri ya darasa la saba ilikuwa kwaheri kamili kwa karibu wote.

Hapo ndipo otografu ilipopata uzito wake. Lilikuwa daftari la kawaida lililopambwa kwa kalamu za rangi, likizungushwa kwa wenzako wote. Kila mmoja alijaza ukurasa: jina, anwani ya sanduku la posta la shule au la kanisa, chakula anachopenda, rafiki mpendwa, na maneno ya kuaga. Waliojaliwa walibandika picha ndogo ya pasipoti. Kwa wengi ule ukurasa ndio ulikuwa maandishi pekee ya mkono wa rafiki yao yaliyosalia. Daftari hizo zinastahili kuhifadhiwa kama nyaraka. Hakuna taarifa ya wizara inayoweza kukuambia mtoto wa miaka 14 alitaka kuwa nani.

Matokeo ya mtihani nayo yana historia yake. Baada ya Tanzania kujitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, Baraza la Mitihani la Taifa liliundwa 1973. Kwa miaka mingi majina ya waliochaguliwa yalibandikwa kwenye mbao za matangazo, na mzazi alitembea au alipanda basi kwenda kuyasoma mwenyewe, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Baadaye yakaja magazeti yaliyojaa picha za kumi bora, kisha simu. Mwaka 2023 Baraza likaacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Naliunga mkono. Orodha ya kumi bora ilikuwa ikirudisha desturi ya shule za kati, ya kuwatazama waliopita mlangoni peke yao.

Shule za sekondari za kata zilizoenea kuanzia 2006, na elimu bila ada tangu Januari 2016, zimebadilisha maana ya kuaga. Mwaka 2024 zaidi ya watahiniwa 970,000 walifaulu mtihani wa darasa la saba, sawa na asilimia 80.87, na wakachaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Wengi wao Januari walikutana tena kwenye shule ya kata ileile. Hata hivyo mahafali yamekua: sare za kushona, keki, mpiga picha, mshereheshaji wa kulipwa, na mchango ambao mzazi asiye na uwezo huona aibu kuukosa. Hili linaniuma. Mtoto asiyechangiwa hukaa nyumbani siku ya kuagwa, na mara nyingi ndiye yuleyule ambaye hataendelea na masomo, yaani ndiye hasa aliyewekewa sherehe.

Kenya imerudi karibu na muundo wa zamani kwa njia nyingine. Mtihani wa darasa la nane, KCPE, ulioanza 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Sasa kuna shule ya chini ya sekondari ya madarasa ya saba hadi tisa, ndani ya viwanja vya shule za msingi, na kundi la kwanza lilifanya mtihani wake wa mwisho 2025 kabla ya kwenda sekondari ya juu Januari 2026. Kule ndiko kuagana kwa shule ya kati kunakoanza upya.

Tanzania inaelekea kwingine. Mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024, unafanya elimu ya msingi iwe ya miaka sita na elimu ya lazima iwe ya miaka kumi, mpaka kidato cha nne. Walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, na mwaka huohuo waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Shule zitaaga madarasa mawili kwa pamoja, yote yakielekea kidato cha kwanza Januari 2028, na baada ya hapo darasa la saba litakwisha kama lilivyokwisha la nane. Walimu wakuu wanaopanga bajeti wameshaanza kuhesabu viti.