Tarehe ya Kanisa la Wachinjaji wa Paris

Katika mji wa Paris, karibu na mto Seine, kuna mnara wa mawe wa kimo cha zaidi ya mita 50 uliosimama peke yake bustanini, nao ndio baki la kanisa la Saint-Jacques-de-la-Boucherie, lililonasibishwa na wachinjaji kwa kuwa machinjio makuu ya mji yalikuwa jirani yake. Wachinjaji hao walikuwa watu wenye mali na kauli, na sadaka zao, pamoja na za mafundi na wafanyabiashara wa mtaa, ndizo zilizolistawisha.

Mmoja wa waumini wake alikuwa Nicolas Flamel, mnakili wa vitabu na hati, ambaye kibanda chake cha kuandikia kiliegemea ukuta wa kanisa, na ambaye pamoja na mkewe Pernelle aligharimia mlango wake mmoja mwaka 1389. Alipofariki mwaka 1418 alizikwa humo humo. Watu wa baadaye walimzushia kwamba alijua kugeuza risasi kuwa dhahabu, uzushi usio na sanadi, nami naona ni dhuluma kwa mtu aliyechuma kwa kalamu na kwa mali ya mkewe.

Mnara wenyewe ulijengwa baina ya 1509 na 1523. Mapinduzi ya Ufaransa yalipotaifisha mali ya makanisa, jengo likauzwa mwaka 1797 libomolewe kwa ajili ya mawe yake, kwa sharti moja tu, kwamba mnara usiguswe. Na laiti sharti lile lisingaliandikwa, leo tusingalikuwa na hata tofali la kulionyesha. Mnara ukafanywa karakana ya marisau: risasi iliyoyeyushwa ilimwagwa juu kupitia chekecheke, matone yakajiviringa hewani, yakaangukia majini yakiwa magumu. Serikali ya mji iliununua mwaka 1836, ukatengenezwa katika miaka ya 1850.

Jiwe la kaburi la Flamel lilionekana dukani mwa muuza mboga, aliyekuwa akikatia majani upande wake wa nyuma ulio laini. Sasa limo katika jumba la makumbusho la Cluny: juu amechongwa Kristo baina ya Petro na Paulo, chini maiti inayooza, na katikati maandishi yanayotaja nyumba na kodi alizoliwekea kanisa wakfu, na sadaka za kila mwaka kwa vipofu wa Quinze-Vingts na wagonjwa wa Hôtel-Dieu, hospitali mbili ambazo hadi leo zinapokea wagonjwa mjini Paris.