Besi ya Tommy Malanga

Jioni, panda matatu ya Kibugu pale Embu mjini, ukae kiti cha nyuma karibu na spika. Barabara inapanda kuuelekea Mlima Kenya, mashamba ya kahawa yanapungua na ya majani chai yanaanza, na ikiwa dereva si mtoto sana, hutafika sokoni kabla ya kuusikia "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Watazame abiria. Wachache wataimba maneno. Wengi watatikisa kichwa na kunguruma kwa mdomo uliofumba, wakiufuata mlio mzito unaotembea chini ya wimbo. Wanaimba besi. Wamo vijana humo ambao wazazi wao walikuwa bado shule ya msingi wimbo huo ulipotoka.

Uliza bendi ni ipi, utajibiwa na gari zima. Uliza aliyelipiga gitaa hilo la besi ni nani, utasikia injini tu.

Ni Tommy Malanga. Wengine huandika Tom. Alikuwa katika kundi la wanamuziki wa Tanzania waliokuja Nairobi na kuufanya mji huo uimbe Kiswahili chao, na naamini hakuna mpiga besi mwingine wa Afrika Mashariki ambaye kazi yake inajulikana na watu wengi kiasi hicho huku jina lake likijulikana na wachache kiasi hicho.

Habari yake inaanzia kwa ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Mwaka 1966 walikuwa vijana wa Jamhuri Jazz, bendi ya mji huo wa bandari. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka kuingia Kenya. Nairobi ndiko kulikokuwa na studio, kampuni za santuri, na vilabu vilivyotaka bendi kila wiki. Huko Arusha Jazz ikageuka Simba Wanyika, simba wa nyikani, na mwaka 1975 ikatoa santuri yake kubwa ya kwanza, "Jiburudisheni na Simba Wanyika". Malanga akawa mpiga besi wa bendi hiyo. Wilson alishika gitaa la solo, Omari Shabani, aliyeitwa Profesa, akashika la ridhimu, na Rashid Juma akakalia ngoma.

Novemba 1978 bendi ikapasuka. Walioondoka ni Profesa Omari, Malanga na Rashid Juma, yaani ridhimu, besi na ngoma. Mtu aliyewahi kusimama jukwaani anajua maana ya hasara hiyo. Bendi ikimpoteza mwimbaji hutafuta mwingine, na mashabiki hunung'unika wiki mbili wakazoea. Ikiwapoteza watatu hawa kwa siku moja, imepoteza mwendo wake, kwa sababu mwendo wa muziki wa dansi hukaa katika mazoea ya mikono ya watu waliopiga pamoja usiku baada ya usiku. Ndugu wa Kinyonga walikuwa mafundi wa kweli, wakaijenga Simba Wanyika upya na kuendelea nayo hadi miaka ya tisini. Lakini ule mwendo wa awali ulikuwa umehama nyumba.

Watatu hao waliita kundi lao Les Wanyika. Wakamwongeza Mtanzania mwingine, John Ngereza, mpiga gitaa na mwimbaji, na Issa Juma mwenye sauti ya kuongoza. Wakafanya mazoezi kwa miezi kabla ya kusimama mbele ya watu, kisha wakaanza kupiga Garden Square, katikati ya Nairobi. Mwaka 1979 wakaachia "Sina Makosa". Ni wimbo wa mwanamume anayemsihi mwenzake aache chuki juu ya mwanamke ambaye si wa yeyote kati yao, kwa kuwa kila mmoja ana wake nyumbani, na ulienea Kenya na Tanzania. Sauti ya Kenya ikaupeleka hadi vijiji ambavyo havikuwa na umeme, redio za betri zikiwa zimening'inizwa kwenye mti wa kahawa wakati wa kuchuma.

Usikilize sasa wimbo huo kwa utulivu, ukiweza kwa spika kubwa. Ridhimu ya Profesa Omari inazunguka bila kuchoka, nyepesi, safi, haina ukwaruzaji. Rashid Juma anagonga visahani vyake kwa uangalifu kana kwamba hataki kumwamsha mtoto. Katikati ya hao wawili kuna uwazi mkubwa, na humo ndimo Malanga anamopita. Hapigi noti nyingi. Anapiga chache, anaziacha zilie, ananyamaza, halafu anarudi mahali ambapo sikio lako tayari lilikuwa likimngojea. Kimya hicho ndicho kinachoinua mguu wa mchezaji. Wapiga besi wengi wa wakati ule, hasa waliofuata kasi ya Kikongo, waliujaza kila upenyo. Malanga alikuwa na ushupavu wa kuacha nafasi, na besi yake ina wimbo wake wenyewe: ondoa sauti ya Issa Juma, ondoa magitaa yote, ile besi peke yake bado utaitambua. Sijui nyimbo nyingi za dansi zinazoweza kupewa mtihani huo zikafaulu.

Chombo chenyewe kilikuwa bado kigeni. Gitaa la besi la umeme lililouzwa na kuenea kwanza duniani ni lile ambalo Leo Fender alilitoa California mwaka 1951. Kabla ya hapo besi ilikuwa ule mfano mkubwa wa fidla unaosimama wima kama mtu, mzito kubeba, na mlio wake ukimezwa mara tu tarumbeta zinapoamka. Fender alitoa nyuzi nne, ubao mwembamba na waya wa kwenda kwenye spika. Bendi za roki za Uingereza na Marekani zikajengwa juu ya nyuzi hizo. Hata hivyo besi haikugombaniwa: Paul McCartney wa Beatles mwenyewe hakuanza nayo. Aliichukua mwaka 1961, Stuart Sutcliffe alipoiacha bendi na kukawa hakuna mwingine aliyetaka kazi hiyo.

Santuri za enzi za Les Wanyika zimebeba sehemu ya lawama ya kusahauliwa kwa Malanga. Ile ndogo ya 45 ilikuwa na karatasi ya duara katikati, na karatasi hiyo ilitosha jina la wimbo, bendi, mtunzi na kampuni. Waliopiga hawakuandikwa. Marekani nako kulikuwa hivyohivyo. James Jamerson, mpiga besi wa Motown mjini Detroit, alipiga katika nyimbo zilizouzwa kwa mamilioni miaka ya sitini bila jina lake kuonekana popote. Kampuni ilimtaja kwenye jalada mwaka 1971, katika "What's Going On" ya Marvin Gaye. Alifariki mwaka 1983, na heshima kubwa ya ukumbi wa roki na rol ikamfikia mwaka 2000, kaburini. Kwetu, Profesa Omari alituacha mwaka 1998, na John Ngereza mwaka 2000. Vitabu vya majina ya waliopiga nyimbo zetu tungeweza kuviandika kutoka vinywani mwao. Hatukuviandika.

Huku kwetu mlimani hasara hiyo ina sura nyingine tena. Benga, iliyozaliwa kando ya Ziwa Viktoria, ilipanda hadi Ukambani na Mlima Kenya katika miaka ya sabini, na besi yake ilikuwa ya mbio, ikirukaruka chini ya gitaa la solo. Kila bendi ya benga ilihitaji mpiga besi, na kazi hiyo ililipa karo za watoto. Kisha miaka ya tisini ukaja mugithi wa mtu mmoja, gitaa moja, kinanda cha umeme na ngoma za mashine, na wenye baa wakapiga hesabu: kwa nini ulishe watu sita ilhali mmoja anajaza ukumbi? Mugithi siuchukii, nimeucheza hadi alfajiri, nimeshika mabega ya aliye mbele yangu katika lile treni la wachezaji. Lakini mtu wa kwanza kukosa kazi alikuwa mpiga besi, kwa kuwa kinanda cha umeme kilidai kinaweza kumwiga. Hakiwezi. Kinanda hurudia kilichofundishwa, na ule uamuzi wa kunyamaza kidogo leo kwa sababu wachezaji wamechoka, au kusukuma kwa sababu wameamka, hukiombi kikakupa.

Kwa hiyo nina ombi kwa msomaji wa Kibugu, wa Manyatta, wa Runyenjes. Ikiwa ukutani au ndani ya sanduku la marehemu babu kuna picha ya bendi, vijana waliovaa suruali pana wakiwa na magitaa, itoe leo umpelekee mzee yeyote aliyewafahamu. Igeuze, chukua kalamu, uandike majina yao kutoka kushoto kwenda kulia. Anza na aliyeshika gitaa la nyuzi nne.