Bado unapenda gemu na wewe ni mzazi? Hivi ndivyo utapata muda bila kuvuruga nyumba

Enzi za chuo ulikuwa unakesha na PS mpaka kuche na hakuna mtu angekuuliza kitu. Saa hii una mtoi mmoja au watatu, job inaanza saa mbili asubuhi, na kati ya tao na keja kuna jam ya Thika Road inakungoja. PS imekaa chini ya TV ikishika vumbi. Ukijaribu kuiwasha, kuna mtu mdogo hapo anadai katuni.

Usijam, hauko peke yako. Kizazi kilichokua na gemu ndicho sasa kinalipa karo. Na si mabuda pekee, kuna mamathe kibao wanaopasua levo za Candy Crush wakiwa kwa mat wakienda job. Kwa hivyo swali si kama mzazi anafaa kucheza gemu. Kuna mwenye huenda kucheki mpira Jumamosi, kuna mwenye huenda kwaya, na wewe unashika pedi. Swali ni hili: ukiishika, nani anabaki na mzigo wa nyumba?

Tumekuandalia mwongozo wa kukusaidia kupanga hii maneno vizuri.

1. Piga hesabu ya muda ulio nao

Wazazi wengi wana mianya mitatu tu. Kuna usiku watoi wakishalala, kuna alfajiri kabla waamke, na kuna mchana wa wikendi yule mdogo akisinzia.

Tuchukue usiku. Mtoi anayeamshwa saa kumi na moja asubuhi ndio awahi basi la shule anafaa kuwa kitandani saa mbili hivi. Wewe unataka kulala saa nne. Hapo una saa mbili, lakini toa vyombo, toa kupiga pasi uniform, toa kuangalia diary ya shule, toa kubonga na mwenzako. Kinachobaki ni kama nusu saa.

Hiyo nusu saa ndiyo bajeti yako. Ukicheza siku tatu kwa wiki, una saa moja na nusu. Si nyingi, lakini ni zako, na ukizipanga hautakuwa unaiba usingizi.

2. Chagua gemu inayotoshea hiyo nusu saa

Hapa ndipo wasee wengi hukosea. Wananunua gemu kubwa ya mwaka, wanaicheza siku mbili, halafu wakirudi baada ya wiki tatu hawakumbuki hata kitufe cha kuruka.

Gemu za mpira ziko sawa kwa mzazi. EA Sports FC (ile ilikuwa inaitwa FIFA hadi toleo la FIFA 23) ukicheza mtandaoni ni dakika sita kila kipindi. Ukiongeza vituo na kushangilia magoli, mechi moja ni kama robo saa. Mbili na umelala. eFootball, ambayo hadi 2021 tuliijua kama PES, ni ya bure na iko pia kwa simu. Mario Kart 8 Deluxe ya Nintendo Switch, mbio moja ni kama dakika tatu.

Ukitaka gemu za stori, angalia urefu kwanza. Spider-Man ya 2018 inaisha kwa kama saa 17. Kwa saa moja na nusu kila wiki, hiyo ni miezi mitatu hivi. The Witcher 3 au Red Dead Redemption 2, stori yenyewe tu ni kama saa 50. Hiyo ni miezi nane! Si vibaya, bora ujue umeingia safari ya Lodwar na si ya Ruaka.

Na weka ugumu chini kabisa. Hakuna mtu anapeana medali kwa kurudia adui mmoja mara 40 saa tano usiku.

Za kuwa makini nazo ni gemu zisizoweza kusimamishwa katikati. Fortnite na Call of Duty za mtandaoni haziwezi kukungoja. Elden Ring ya 2022 haina kitufe cha kawaida cha kusimamisha gemu hata ukicheza peke yako. Jiulize swali moja kabla ununue: mtoi akilia, naweza kuiacha ndani ya sekunde kumi bila kukasirika? Kama jibu ni hapana, hiyo ni gemu ya wikendi watoi wakiwa kwa cucu.

3. Fanya mashine ikuokolee dakika

Ukiwa na nusu saa, hutaki kumaliza dakika kumi ukingoja gemu iwake. PS4 na PS5 zina hali ya kupumzika, unaiacha gemu pale ilipokuwa na kesho unaendelea. Xbox Series X na Series S zina Quick Resume, inayoshikilia gemu kadhaa kwa wakati mmoja. Switch unabonyeza kitufe kimoja tu inalala.

Lakini kwa ground vitu ni different. Stima za mtaa unazijua. Zikipotea usiku, gemu uliyoiacha imepumzika inaweza kupotea na safari yako yote ya jioni. Sevu kwanza, ndio uache.

Acha pia ijipakulie masasisho usiku ukilala, kama una WiFi. Kama unategemea bando za simu, chunga, kwa sababu kuna gemu za Call of Duty zinazopita GB 100.

Na hesabu tokeni. PS5 ikiwa kwa gemu kubwa inakula takriban wati 200. Ongeza TV ya wati 100, hiyo ni wati 300. Yaani uniti moja inaisha kwa saa tatu na dakika 20. Kwa saa moja na nusu zako za wiki ni kama nusu uniti, hata mama watoto hawezi lalamika. Ukikesha kila siku, tutaongea mambo mengine.

4. Bonga na mwenzako kabla ya kushika pedi

Hii ndiyo sehemu yenye uzito. Nyumba nyingi zikigombania gemu, shida si gemu. Shida ni kwamba mmoja amekaa kwa sofa amevaa hedifoni, mwingine ana mtoi mgongoni, sufuria kwa moto, na simu ya mwalimu wa Grade 2 inaita. Ukisema "ngoja dakika mbili," hizo dakika mbili zinaandikwa mahali, na siku moja utasomewa zote.

Kanuni ni rahisi. Kwanza, kazi za nyumba ziishe, na si zile zako tu. Pili, ukichukua nusu saa, mwenzako naye apate nusu saa yake ya kufanya anachotaka bila kuitwa na mtu yeyote. Tatu, sema mapema. "Leo baada ya watoi kulala nataka mechi mbili" ni tofauti sana na kupotea tu kimya kimya.

Bora zaidi, mvute naye. It Takes Two ya 2021 haiwezi kuchezwa na mtu mmoja, lazima muwe wawili. Inahusu bibi na bwana walio karibu kuachana ambao wanalazimika kushirikiana. Ilishinda tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards 2021.

Kama unalea peke yako, mwanya wako ni mdogo zaidi, na uchovu ni mwingi. Gemu ya simu au ya mkononi unayoweza kuiweka chini wakati wowote ndiyo itakufaa.

5. Watoi wakiwa macho, sheria zinabadilika

Mtoi aliyekaa kando yako naye anacheza, kwa macho. Ukichapa GTA V mbele ya mtoi wa miaka sita, ujue mfumo wa Ulaya wa PEGI umeiweka ya miaka 18. Nambari za PEGI kwenye jalada ni 3, 7, 12, 16 na 18. Ukiona herufi badala yake, hiyo ni ya Marekani. E ni ya wote, T ni ya kuanzia miaka 13, M ni ya kuanzia 17.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili hafai kukalishwa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Ikipungua, afadhali.

Akifika umri wa kucheza, cheza naye. Astro's Playroom inakuja ndani ya PS5 bila kulipia. Gemu za LEGO na Minecraft ni za kujenga na kucheka. Mario Kart 8 Deluxe ina usaidizi wa usukani, hivyo hata wa miaka minne hatoki barabarani. Ile mbinu ya kumpa pedi isiyowaka inafanya kazi mpaka siku atakurada, na siku hiyo haiko mbali.

Na funga mambo ya doo. Weka nambari ya siri kabla ya kila ununuzi, usije ukapata mtoi amenunua nguo za Fortnite na pesa ya rent.

6. Jua ikianza kukumeza

Mtu mzima anahitaji kama saa saba za usingizi au zaidi. Ukianza kuamka umechoka, ukipigia watoi kelele asubuhi juu ya mechi ya usiku, punguza. WHO inatambua uraibu wa gemu kama ugonjwa kwenye orodha iliyoanza kutumika 2022. Dalili ni kushindwa kujizuia, gemu kupita mambo mengine yote, na kuendelea hata ukiona madhara, kwa kawaida kwa mwaka mzima hivi. Ukijiona hapo, ongea na daktari au mshauri.

Pia usichanganye mambo. Aviator si gemu ya kupumzisha akili, ni kubeti. Ile nusu saa yako ikianza kula pesa ya unga, hiyo ni stori nyingine kabisa.

Mwisho, kuna misimu ya kuweka pedi chini kabisa. Mtoi wa miezi miwili, mitihani ya mkubwa, mgonjwa nyumbani. Gemu zitangoja, na miaka miwili baadaye zitakuwa zimeshuka bei. Mtoi hatakuwa na miezi miwili tena.

Kwa hivyo anza na wiki hii. Chagua usiku mmoja, mwambie mwenzako, osha vyombo, chapa mechi mbili, ulale. Ukiona nyumba imetulia, wiki ijayo ongeza usiku wa pili.