Sheria inapohamisha kesi za ardhi, gharama hazifutiki

Na Mwandishi Wetu

KILA Bunge linapobadili mamlaka ya mahakama au baraza kusikiliza mashauri, wananchi hutaka kujua ni nani atakayeamua migogoro yao. Swali la pili, ambalo huulizwa mara chache, ni nani atakayelipa gharama za uamuzi huo. Kwa wakazi wa Dirma, wilayani Hanang, na wenzao wa Mbulu, ambako wakulima na wafugaji hugombania mipaka ya mashamba na malisho, jibu la swali hilo limebadilika zaidi ya mara moja katika miaka 20 iliyopita.

Badiliko kubwa la kwanza lililetwa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika Oktoba 1, 2003. Sheria hiyo iliziondolea Mahakama za Mwanzo, za Wilaya na za Hakimu Mkazi mamlaka ya kusikiliza mashauri ya madai yanayohusu ardhi. Mashauri hayo yaligawanywa katika ngazi tano: Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani.

Kibajeti, hatua hiyo ilikuwa na maana kubwa. Mahakama, ambayo fedha zake hupitia Fungu 40, tayari ilikuwa na majengo, mahakimu na makarani hadi ngazi ya chini. Mabaraza mapya ya wilaya yaliwekwa chini ya wizara yenye dhamana ya ardhi, Fungu 48, ambayo ililazimika kutafuta wenyeviti wenye taaluma ya sheria, ofisi na posho za wazee wa baraza. Mabaraza ya Kata, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, yalibaki mikononi mwa halmashauri.

Kwa kuwa kuanzisha mtandao mpya ni ghali, sheria iliruhusu baraza moja kuhudumia wilaya, mkoa au kanda. Kwa miaka mingi mashauri ya Hanang yalipelekwa Babati, na rufaa zake Mahakama Kuu Arusha, hadi Mahakama Kuu ilipofungua masjala ndogo yake ya Manyara mjini Babati. Fedha ambazo Serikali haikuzitumia kujenga baraza karibu na mwananchi, mwananchi alizitumia kwa nauli na malazi, yeye pamoja na mashahidi wake.

Viwango vya fedha

Awali Baraza la Wilaya lilisikiliza mashauri ya kurejeshewa ardhi yenye thamani isiyozidi Sh50 milioni. Marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha kiwango hicho hadi Sh300 milioni. Mahakama Kuu ilipunguziwa mzigo, lakini mashauri makubwa yaliyokuwa yakianzia huko sasa yaliangukia baraza lilelile lenye mwenyekiti yuleyule. Kiwango cha mamlaka kinapopanda bila fungu la baraza kuongezwa, foleni ndiyo inayorefuka.

Badiliko la mwaka 2021

Hadi mwaka 2021, Baraza la Kata liliweza kuamua mgogoro wa ardhi isiyozidi thamani ya Sh3 milioni. Sheria Namba 5 ya mwaka 2021 iliyaondolea mabaraza hayo mamlaka ya kuamua na kuyaachia usuluhishi peke yake. Shauri haliwezi kufunguliwa katika Baraza la Wilaya bila hati ya Baraza la Kata kuthibitisha kuwa usuluhishi umeshindikana. Hata hivyo, siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda wilayani bila hati hiyo.

Badiliko hilo halikukosa sababu. Maamuzi mengi ya kata yalikuwa yakibatilishwa katika rufaa kwa kasoro za akidi ya wajumbe, hivyo pande zote zikalazimika kuanza upya baada ya kutumia fedha. Kusikilizwa mara moja mbele ya mwanasheria kunaweza kuokoa gharama hizo.

Lakini tuchukue mfano wa mjane wa Dirma anayedai kipande cha shamba chenye thamani ya Sh2.5 milioni. Zamani angeweza kupata uamuzi katani kwake, mahali ambapo mawakili hawaruhusiwi. Sasa, usuluhishi ukishindikana, atalazimika kwenda Baraza la Wilaya, ambako mwenzake anaweza kufika na wakili. Halmashauri imepunguziwa kazi ya kuamua, wizara imeongezewa mashauri, na mjane ameongezewa safari. Shauri likiahirishwa mara tano kwa sababu wazee wa baraza hawakulipwa posho, gharama za safari zinaweza kukaribia thamani ya shamba lenyewe.

Mipaka ya Bunge

Bunge lina uwezo wa kuhamisha mashauri, lakini haliwezi kufunga mlango wa haki. Sheria ya mwaka 1992 kuhusu vijiji vilivyoanzishwa ilifuta haki za ardhi za kimila bila fidia stahiki, ikazuia mahakama kusikiliza madai hayo na kukatisha kesi zilizokuwa zikiendelea. Katika shauri lililotoka Kambi ya Simba, wakati huo wilaya ya Mbulu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua Desemba 1994 kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba kuwanyima wananchi njia ya kwenda mahakamani ni batili.

Wakili hulipwa na mwenye fedha, na haki ya kusikilizwa hupungua thamani pale ambapo kuifikia ni ghali. Kwa hiyo muswada wa aina hii ukifika bungeni, isitoshe kusoma Madhumuni na Sababu zake. Ni vyema pia kufungua kitabu cha bajeti na kuona kama fungu linalopokea kesi limeongezewa fedha. Kama halikuongezewa, anayelipa tofauti ni mwenye shamba.