Kifungu Kilichokufa 2016 Kikarudi na Bei Mpya

Wasee, hapa Kiganjo mwanasiasa akituudhi hatuandiki barua. Tunatengeneza memu, tunaitupa kwa grupu, na kufikia jioni imezunguka Thika nzima. Kabla ya kushea ingine, tuongee historia kidogo.

Sheria ya habari na mawasiliano, KICA, ilikuwa na kifungu cha 29. Kwa Kiswahili chetu kilisema hivi: ukituma ujumbe wa "kuudhi kupita kiasi", umefanya kosa. Adhabu ilikuwa faini hadi shilingi 50,000, jela hadi miezi 3, ama zote mbili. Kuudhi nani? Kiasi ni kipi? Hakuna mahali ilisema. Mwaka wa 2015 Geoffrey Andare alishtakiwa juu ya posti ya Facebook. Yeye akageuka, akaishtaki sheria yenyewe. Tarehe 19 Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kifungu hicho hakieleweki na kinavunja Katiba. Kikafa.

Tulisherehekea mapema. Tarehe 16 Mei 2018, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria mpya ya uhalifu wa mtandaoni. Soma kifungu cha 27, kile cha unyanyasaji. Utakuta "kuudhi kupita kiasi" imerudi. Kilichobadilika ni bei: faini hadi milioni 20, jela hadi miaka 10.

Chama cha wanablogu, BAKE, kilienda kortini na vifungu 26 vikasimamishwa. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaviachilia. Tarehe 15 Oktoba 2025 Rais William Ruto akatia saini marekebisho ya kuongeza makali. Siku saba baadaye, baada ya Reuben Kigame na KHRC kulalamika, korti ikasimamisha sehemu za kifungu hicho cha 27.

Sisemi tusiwe na sheria. Dem akitishiwa kwamba picha zake zitasambazwa, ama mathe akiibiwa pesa kwa simu, hata mimi nataka mtu ashikwe. Hayo makosa yanajulikana yanaanzia wapi na kuishia wapi. "Kuudhi" haina mwisho. Anayepima ni yule aliyeudhika, na akiwa mkubwa, polisi watamsikiliza kabla yako.

Kwa hivyo Bunge likiitisha maoni tena, usisome kichwa cha mswada pekee. Tafuta hilo neno. Likiwa ndani, piga kelele kabla ya saini, juu kesi ni ndefu na seli ni baridi.