Albert Namatjira, Mchoraji wa Milima ya Arrernte

Katika nchi kavu iliyo katikati ya Australia, mbali na bahari zote, alizaliwa mwaka 1902 mtoto wa kabila la Arrernte aliyeitwa Elea. Wamisionari wa Kilutheri wa Hermannsburg walimbatiza Albert mwaka 1905. Alipokua akawa mhunzi, seremala na mwendesha ngamia.

Mwaka 1934 wachoraji wawili, Rex Battarbee na John Gardner, walionyesha picha zao pale misheni. Albert akazitazama, akataka naye kuijua kazi ile. Mwaka 1936 alimwongoza Battarbee jangwani kwa miezi miwili. Yeye alitoa ujuzi wa njia na ngamia, mwenziwe akatoa ujuzi wa rangi za maji. Mwaka 1938 picha 41 za Namatjira zilitundikwa Melbourne, nazo zikanunuliwa zote.

Rangi ya maji haitaki mkono wa kusita. Tone likishanywewa na karatasi halirudi, na weupe mara nyingi ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Kwa ustadi huo alichora mikaratusi ya mashina meupe, bonde la mto Finke, na milima ya MacDonnell inayogeuka zambarau jua likiinama. Wakosoaji wengi wa mijini walimwita mwigaji wa Wazungu. Hukumu hiyo naiona ya pupa: walitazama brashi wasiitazame nchi. Mahali alipopachora palikuwa na visa vya wahenga wake, naye alipachora tena na tena, kama malenga anayerudia kibwagizo kwa kuwa ndimo uzito ulimo.

Jina lake likavuma. Mwaka 1954 alikutanishwa na Malkia Elizabeth wa Pili huko Canberra. Lakini mtu huyo huyo, aliyelipa kodi kama wengine, alikuwa amenyimwa ruhusa ya kukodi ardhi ya malisho, akanyimwa na ya kujenga nyumba Alice Springs. Sheria ilimhesabu kuwa mtu wa kulelewa na serikali. Mwaka 1957 yeye na mkewe Rubina walipewa uraia kamili. Watoto wao hawakupewa. Basi mila ikamtaka agawane na jamaa kila alicho nacho, na sheria ikamkataza kuwapa kileo. Mwaka 1958 alihukumiwa kwa kosa hilo miezi sita, ikapunguzwa kuwa mitatu, akatumikia miwili huko Papunya. Alifariki tarehe 8 Agosti 1959.

Haki ya kunakili picha zake nayo ina safari yake. Mwaka 1983 mdhamini wa serikali aliiuza kwa kampuni ya uchapaji kwa dola 8,500 za Australia, bila ya idhini ya familia. Wajukuu walidai kwa miaka mingi. Mwaka 2017 ilirejeshwa kwao, katika amana yenye jina lake, kwa bei ya dola 1.